Isaya 5 na Yohana 15: Je, kila taabu ya kanisa ni kusafishwa na Mkulima?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika kundi letu la kujifunza Biblia tumekuwa tukisoma vifungu vinavyolifananisha taifa la Mungu na mzabibu, nasi tumekwama mahali ambapo naomba msaada wenu. Katika Isaya 5:1-7 mwenye shamba analima, anatoa mawe, anapanda mzabibu mzuri, anajenga mnara na kuchimba shinikizo la kukamulia zabibu, lakini anapopata zabibu-mwitu anaondoa ua, anabomoa ukuta na kuyaamuru mawingu yasilinyeshee shamba lile. Katika Isaya 27:2-6, ndani ya kitabu kilekile, Bwana anasema kwamba analilinda shamba lake usiku na mchana na kulitia maji kila dakika. Kisha katika Yohana 15 Baba ni mkulima anayeliondoa tawi lisilozaa na kulisafisha lile lizaalo.

Swali hili linatugusa kwa karibu. Usharika wetu umepungukiwa na watu, familia kadhaa zimefiwa, na mhubiri mgeni alitufundisha kwamba yote hayo ni Mungu anatusafisha ili tuzae zaidi. Mama mmoja aliyemzika mwanawe hajarudi ibadani tangu siku ile. Je, mfano wa mzabibu unaturuhusu kusema hivyo? Na kanisa litajuaje kama linasafishwa au limeachwa?

Mzee wa Kanisa

Amina, Mwalimu. Naanza na huyo mama, kwa sababu mafundisho yanayomfukuza mfiwa katika nyumba ya Bwana lazima yapimwe kwa Maandiko kabla ya kurudiwa na mtu mwingine. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Hakuwaruhusu kuuchukua msiba wa mtu na kuubandika maelezo.

Sasa tuje kwenye mfano wenyewe. Wengi husoma Yohana 15:2 na kurukia mstari wa 4, wakiuacha mstari wa 3, ambapo Bwana anawaambia wanafunzi kwamba wamekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno alilowaambia. Hapo chombo cha kusafishia kimetajwa waziwazi, nacho ni neno. Ni neno lililokata kiburi cha wale waliogombania nani aliye mkubwa, na ndilo linalokata kwetu tamaa ya sifa, chuki za kifamilia tunazoingia nazo ibadani, na mapenzi ya fedha. Kifo cha mtoto hakikutajwa katika sura ile kama kisu cha Mkulima, na asiwepo mtu wa kukiongeza.

Kuhusu Isaya 5, angalia kwamba nabii hakuacha watu wakisie sababu ya ukuta kubomolewa. Mstari wa 7 unasema Bwana alitazamia haki akaona damu ikimwagwa, na mstari wa 8 unawataja wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata pasibaki nafasi kwa mwingine. Hukumu ile ina mashtaka yaliyosomwa hadharani, nayo yanawahusu wenye nguvu walionyang'anya ardhi. Mtu anayelitumia fungu hilo kumwelezea mjane au mfiwa amewageuza walioonewa kuwa washtakiwa.

Mkulima wa Zabibu, Dodoma

Shikamoo Mzee, na salamu kwako Mwalimu. Mimi si mhubiri, ila nalima zabibu huku Dodoma, ambako tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kwa hiyo kazi ya kupogoa tunaijua vizuri. Naomba mtazame Isaya 5:6, kwa sababu kwa mkulima jibu la swali la pili la Mwalimu liko pale. Mwenye shamba anapotangaza kwamba ameliacha, mojawapo ya mambo anayoyataja ni kwamba halitapogolewa wala kupaliliwa, bali litaota mbigili na miiba. Shamba lililoachwa hulitambui kwa matawi yaliyokatwa. Unalitambua kwa matawi marefu yaliyosokotana, majani mengi, vishada vidogo vyenye punje chache, na magugu yaliyofika kiunoni.

Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya, na ndiyo maana baada ya mavuno tunalikata tawi lililozaa na kuacha macho machache tu ya kuchipua. Mgeni akipita wiki hiyo anaweza kudhani shamba limeharibiwa, wakati kumbe mwenye shamba ameshinda humo tangu alfajiri. Kupogoa hakuwezi kufanywa na mtu aliye mbali: ni lazima ulishike kila tawi na kulitazama lilivyo kabla ya kukata. Kwa hiyo mimi nikisoma kwamba Baba ndiye mkulima, jambo la kwanza ninalolisikia ni kwamba yuko shambani. Halafu kuna jambo jingine: sijawahi kuona tawi likilipogoa tawi lenzake. Nadhani huyo mhubiri alikishika kisu kisichokuwa chake.

Mwanafunzi wa Theolojia

Nakubaliana na mengi, lakini naomba tusielemee upande mmoja. Waebrania 12:5-11 inasema wazi kwamba Bwana humrudi, yaani humwadibisha, yeye ampendaye, na kwamba kurudiwa huonekana kuwa jambo la huzuni kwa wakati wake, lakini baadaye huleta tunda la haki kwa waliozoezwa nako. Wasomaji wa waraka ule walikuwa wamenyang'anywa mali na kudhihakiwa hadharani (10:32-34), kwa hiyo mwandishi hazungumzii neno peke yake. Je, Mzee, huoni kwamba Mungu hutumia pia mateso?

Mzee wa Kanisa

Naona hivyo, ndugu yangu, na nashukuru kwa kunikumbusha. Tofauti ninayoisisitiza ni hii: Waebrania iliandikwa kwa watu waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani, na mwandishi anawatia moyo ili wasizimie. Muumini anaweza kuyasema maneno hayo juu ya maisha yake mwenyewe baada ya miaka, pengine kwa machozi, nasi tukampokea kwa heshima. Kumsemea hivyo mwenzake aliyefiwa, akiwa bado kando ya kaburi, ni jambo tofauti kabisa. Katika Luka 13:8 mtunza shamba anauombea mti mwaka mmoja zaidi, auchimbulie na kuutilia samadi. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa sisi watumishi.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Nawashukuru sana. Wawili wetu tutakwenda kumtembelea yule mama, si kwa kumfundisha, bali kwa kukaa naye. Naongeza swali moja: Tusome nini pamoja naye akitaka kusoma?

Mzee wa Kanisa

Someni Zaburi ya 80. Ni maombi ya watu ambao mzabibu wao ulitolewa Misri, ukapandwa, ukaeneza matawi hata baharini, na sasa nguruwe wa msituni anauharibu. Hawajifanyi kuelewa: wanamuuliza Mungu kwa nini amezibomoa kuta zake, na mara tatu wanaomba awaangazie uso wake. Mama anaruhusiwa kuuliza vivyo hivyo. Kisha, mkiwa na muda, tazameni mstari wa 17, unaoomba mkono wa Mungu uwe juu ya mtu wa mkono wake wa kuume, na mwana wa Adamu aliyemfanya imara. Naamini Yesu aliposema kwamba yeye ndiye mzabibu wa kweli alikuwa akilijibu ombi kama hilo. Mzabibu ulioliwa na nguruwe ni sisi. Yeye alikubali kuwa mzabibu huo badala yetu, akapigwa nje ya ukuta wa mji, naye akachipuka. Ndiyo maana hakuliita kanisa mzabibu, bali aliliita matawi, na uhai wa tawi hautegemei nguvu zake lenyewe.