Kelly Bryant kunyimwa pete na Dabo Swinney: nyie mnaomwita msaliti njooni hapa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikitajwa Clemson ya 2018, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, lazima aibuke mtu kuandika kwamba Kelly Bryant "alisusa", kwa hiyo kunyimwa pete ya ubingwa na kocha Dabo Swinney ni halali yake. Mnaijua habari yenyewe au mnashabikia makombe tu?

Jamaa ndiye aliyekuwa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) namba moja msimu wote wa 2017. Akabeba ubingwa wa ACC, ligi ya vyuo ambayo Clemson wamo, akaifikisha timu nusu fainali ya taifa, wakatolewa na Alabama 24-6. Akaanza mechi 4 za kwanza za 2018, zote ushindi. Jumla akianza yeye: kashinda 16, kapoteza 2. Na katika hizo 2, ile ya Syracuse alitoka kaumia hata kipindi cha kwanza hakijaisha.

Kisha Trevor Lawrence, dogo wa mwaka wa kwanza, akarusha pasi 4 za tachidauni (za kufunga) dhidi ya Georgia Tech. Jumatatu kocha akatangaza dogo ndiye anaanza. Sawa, Lawrence ni fundi, sibishi, na kupanga kikosi ni kazi ya kocha. Bryant akasema hadharani kwamba kwake hilo ni kibao cha uso, na Jumatano akaaga.

"Si angesubiri!" Asubiri nini? Mwaka uleule NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilileta kanuni mpya: ukicheza mechi zisizozidi 4, msimu huo hauhesabiwi kwenye misimu uliyoruhusiwa kucheza chuoni. Yeye 4 zilikuwa zimetimia. Angekanyaga uwanja kwenye mechi ya Jumamosi iliyofuata hata kwa dakika moja, mwaka wake wa mwisho chuoni ndio umekwisha, tena akiumalizia benchi. Na ndiyo, najua Lawrence aliumia siku hiyohiyo na kwotabeki wa akiba Chase Brice akaja kuokoa jahazi, 27-23. Msiniletee hiyo. Bryant si mganga, angejuaje?

Sasa kinachonikera. Januari 2019 Clemson wanaichapa Alabama 44-16 kwenye fainali ya taifa, wanamaliza msimu 15-0 (ushindi 15, bila kupoteza). Swinney anaulizwa kuhusu pete ya Bryant, anajibu kwamba ili upate pete lazima uwe kwenye timu. Haya, ile 15 imepatikanaje? Ushindi 4 kati ya hizo alianza nani? Texas A&M, ugenini, mmeshinda 28-26, pointi mbili tu! Ingepotea ile, hiyo 15-0 mnayoiimba mngeipata wapi?

Miezi michache baadaye kocha huyohuyo anasaini miaka 10 kwa dola milioni 93. Wakati huo mchezaji haruhusiwi kutengeneza hata senti kwa jina lake mwenyewe, mpaka Julai 2021. Na nyie uaminifu mnaudai kwa nani? Kwa kijana!

Kocha Brian Kelly aliiacha timu ya chuo cha Notre Dame mwishoni mwa Novemba 2021 ikiwa 11-1, bado ina matumaini ya kuingia mtoano wa ubingwa, akaenda LSU, chuo kingine, kwa mkataba wa miaka 10. Akasemwa siku mbili tatu, maisha yakaendelea. Bryant akahamia timu ya chuo cha Missouri, hadi leo mnamtukana.

Anayeona pete ile alistahili kunyimwa ajibu hapo chini, ila aanze na Texas A&M. Ukija na "alisusa" sikujibu.