Mbunifu majengo alichora nyumba asiyoipima, na sasa ukuta wa babu yetu Mikindani umepasuka

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na nimesubiri majuma mawili ili niweze kulieleza jambo hili kwa mpangilio. Mwaka jana tulikubaliana katika ukoo kuikarabati nyumba ya marehemu babu iliyopo Mikindani, mkoani Mtwara, nyumba ya mawe ya matumbawe inayotazama ghuba, ili upande wa nyuma aendelee kukaa shangazi yetu, ambaye amekuwa humo tangu afiwe na mumewe, na upande wa mbele tupate duka na vyumba vitatu vya wageni. Tungeweza kumwita fundi tu na kuanza kubomoa, kama wengi wanavyofanya. Tulisema nyumba hii ni kongwe na inahitaji mtaalamu, tukamtafuta mbunifu majengo mwenye usajili, tukamlipa nusu ya ada kabla hajachora mstari wowote. Jina lake sitalitaja hapa, kwa kuwa malalamiko yangu nayapeleka panapohusika.

Alikuja mara moja. Alikaa muda usiofika saa nzima, akapiga picha kwa simu, akaingia vyumba viwili kati ya saba, akaondoka. Futi kamba hakuitoa mfukoni. Baada ya mwezi mmoja tulipokea michoro mizuri ya rangi, yenye kuta zilizonyooka na vyumba vya mstatili, na sote tukafurahi kwa sababu hatukujua kusoma tulichopewa. Aliyejua ni fundi mzee tuliyemwajiri. Aliukunjua mchoro juu ya baraza, akapima ukuta wa sebule kwa futi kamba yake mwenyewe, akapata sentimita hamsini na tano. Kwenye mchoro ukuta huohuo ulikuwa sentimita kumi na tano, yaani ukuta wa tofali za inchi sita. Katika nyumba nzima hakuna kona hata moja yenye pembe mraba, ilhali kwenye karatasi kona zote zilikuwa mraba. Fundi akamwambia shangazi, "Dada, hii si nyumba yako. Hii ni nyumba nyingine."

Hapo ndipo tulipaswa kusimama, na kosa hilo ni letu. Tulimpigia mbunifu simu, akasema tofauti ndogo hurekebishwa kazi ikiendelea, tukamwamini kwa sababu yeye ndiye msomi.

Naomba nieleze kwa urefu jinsi nyumba hizi zilivyojengwa, kwa sababu hasara yote imetokana na mtu kutolijua jambo hili, au kulijua na kulipuuza. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa ndani ya udongo na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Dari ya chini, ambayo ndiyo sakafu ya juu, imebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa karibukaribu, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita tatu, vyumba vyote vya zamani ni virefu na vyembamba. Wembamba ule haukutokana na umaskini wa babu zetu. Kila ukuta wa kati umebeba ncha za boriti, na uzito unagawanyika katika urefu wote wa ukuta. Chokaa nayo ina kazi yake: ukuta unavuta unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa inauachia unyevu huo utoke taratibu. Ukiifunika kwa saruji, maji yanabaki ndani pamoja na chumvi, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza bila mtu kuona.

Sasa tazameni alichoagiza mbunifu. Aliagiza ukuta wa kati uvunjwe ili duka liwe pana, na mahali pake papite bimu ya zege iliyokaa juu ya kuta za pembeni katika sehemu mbili tu. Ukuta wa mawe yaliyoshikwa na udongo hauwezi kubeba mzigo mzito uliokusanywa mahali pamoja. Kisha akaagiza lipu yote ya chokaa ibanduliwe na kuta zipigwe saruji, ndani na nje. Fundi mzee alikataa kupiga saruji upande wa bahari, akaletwa kijana mwingine aliyemaliza kwa siku nne. Tangu mwaka 2015 tuna kiwanda kikubwa cha saruji hapahapa Mtwara, mfuko unapatikana kila duka, na nahisi wepesi huo nao umetuponza. Chokaa inataka kuchomwa, kulowekwa na kusubiriwa, na mtu wa haraka haitaki.

Mvua zilianza Desemba. Kufikia Februari, ufa ulikuwa umeshuka kutoka chini ya bimu hadi karibu na dirisha, na kidole changu cha shahada kinaingia. Lipu mpya upande wa ghuba imevimba na kutoa chumvi nyeupe kama unga uliomwagika. Nilibandua kipande kimoja kikubwa kama sinia, na jiwe la nyuma yake lilikuwa limelowa kiasi cha kuniachia maji kiganjani, ilhali mvua ilikuwa imekatika siku tano kabla. Ncha ya boriti iliyokuwa jirani ilivunjika mkononi mwangu kama kopa bovu la muhogo. Boriti hiyo ilikuwa imekaa pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Kuna pia suala la mlango. Mchoro ulionyesha mlango wa kioo na alumini mahali pa mlango wa mbele, na kijana wa kazi aliambiwa ule wa zamani, pamoja na miimo na mfaa wake (ule ubao wa katikati) wenye nakshi, "autafutie mteja". Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja milango na miimo ya mbao iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mbunifu aliyesajiliwa anapaswa kulijua hilo kabla yangu mimi niliyelisoma baada ya hasara. Shangazi ndiye aliyeuokoa. Aliketi juu yake ukumbini, akasema, "Mwanangu, utanibeba mimi kwanza." Sasa umelazwa ukutani chini ya turubai.

Wasijitokeze watu wa kuniambia kwamba nyumba kongwe hazibadilishwi matumizi. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikuwa limechakaa vibaya, likakarabatiwa na kugeuzwa hoteli, na liko mwendo wa dakika chache kutoka kwetu. Kama mbunifu wetu angepanda tu pale kilimani akatazama, angejifunza kitu.

Nilipompigia kumweleza kuhusu ufa, alisema fundi ndiye aliyekosea. Nikamuuliza alikuja kukagua mara ngapi, kwa kuwa ada ya usimamizi tulimlipa. Akasema alikuwa akifuatilia kwa picha za simu. Ufa wa ukuta wa mawe hausikiki kwenye picha, ndugu zangu; unagongwa kwa mkono, na mlio wake ndio unaokwambia kama ndani kumeachana. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Tunachokitaka ni arejeshe ada ya usimamizi ambao hakuufanya, na alipie kuondoa bimu na kuujenga upya ukuta wa kati. Barua ya malalamiko kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi nimeshaiandika, nimeambatanisha michoro, risiti na vipimo vya fundi mzee, na naipeleka Jumatatu. Aliyewahi kulalamika huko naomba anieleze walitaka viambatanisho gani vingine. Na kama kuna anayemfahamu fundi wa chokaa anayefanya kazi bado, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini au Kilwa Kivinje, aniandikie leo. Tumeegemeza magogo sita chini ya bimu, na shangazi tumemhamishia chumba cha uani, lakini anarudi kulala mbele kila tunapoondoka.