Naombeni ushauri: darasa la tano, kitabu cha nguruwe na buibui, na mzazi aliyekuja ofisini

Mwalimu wa Zamu
Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi, darasa la tano, watoto 38. Muhula huu nimeamua kufundisha vipengele vya hadithi kwa kitabu kizima, nimechoka na vile vifungu vya mistari kumi. Nikachukua Charlotte's Web cha E. B. White, cha mwaka 1952. Nina nakala nne tu za mitumba, kwa hiyo nasoma kwa sauti, wao wanasikiliza.

Kwa asiyekijua: nguruwe mchanga, Wilbur, anazaliwa dhaifu na mwenye shamba anabeba shoka akammalize. Binti yake wa miaka minane, Fern, anamng'ang'ania hadi anapewa amlee kwa chupa. Akikua anauzwa kwa mjomba wa huyo binti, dola sita, na huko bandani kondoo mzee anamtobolea siri: unaneneshwa, Krismasi unachinjwa. Buibui aitwaye Charlotte anaahidi kumwokoa, anaanza kuandika maneno kwenye utando wake.

Shida ya kwanza: nikiuliza mandhari ni nini, mikono yote juu. "Mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea!" Wimbo mmoja, mpaka darasa la jirani linasikia. Nikiuliza hilo banda linabadilisha nini kwa Wilbur, kimya. Nasikia bodaboda za barabarani.

Ya pili: mzazi Mwislamu kaja ofisini. Hakuwa mkali, kauliza tu kwa nini binti yake anarudi nyumbani na habari za nguruwe kila siku. Mwalimu wa taaluma anataka nibadilishe kitabu. Nifanyeje? Nawasilisha.

Njiro Juu
Mkuu, Sungura na Fisi wamekukosea nini? Watoto wa Kilimanjaro na nguruwe wa Marekani wapi na wapi.

Chaki na Vumbi
Mwalimu, pole na majukumu. Nimefundisha Arusha miaka mingi, kosa lako nalijua kwa sababu nimelifanya sana: umeanza na maana za maneno. Fani na maudhui tunavimezeshwa sekondari, halafu tunakuja kuvitapika kwa watoto wa miaka kumi.

Anza na shoka. Kitabu kinafunguka na mtoto akimuuliza mama yake baba anakwenda wapi na lile shoka. Funga kitabu hapo hapo. Uliza: nani anataka nini, na nani anamzuia? Wakijibu wameshakupa mgogoro, hata kama neno lenyewe hawalijui. Neno utawapa baadaye, likiwa na kitu cha kushika.

Halafu fanya hivi. Funga kamba ya kuanikia nguo toka dirishani hadi ubaoni. Upande mmoja bandika karatasi ya manila yenye neno SALAMA, upande wa pili KISU. Chukua kibanio cha nguo, kichoree pua, huyo ndiye Wilbur. Kila sura ikiisha mtoto mmoja anakisogeza, lakini lazima aseme kwa nini. Kondoo mzee akisema, kibanio kinakimbilia kisuni. Maneno ya kwanza yakionekana kwenye utando, kinarudi. Kule kwenye maonyesho ya mifugo anakopelekwa Wilbur, lile linguruwe kubwa, Uncle, likichukua zawadi ya kwanza, utaona darasa linavyogombana kuhusu sentimita tano. Huo ugomvi ndio msuko.

Mandhari nayo usiiulize, ihamishe. Waambie Wilbur anaishi fleti ya ghorofa ya tatu pale Sakina, Arusha. Nini kinaharibika? Panya Templeton anaiba makombo ya nani? Utando unatandwa wapi watu wauone? Kisha uhamishie kihambani, banda nyuma ya nyumba, majani ya mgomba. Hapo watakufundisha wewe. Na maonyesho ni Nane Nane, pale viwanja vya Themi. Wakati pia ni mandhari: mtoto wa Kichaga huhitaji kumweleza Desemba ina maana gani kwa mnyama aliyenona.

@Njiro Juu, Sungura abaki, nampenda. Ila Sungura ni mhusika bapa, mjanja mwanzo mjanja mwisho. Wilbur anaanza mlizi wa kuzimia hovyo, anaishia kuwa mlezi wa mayai ya Charlotte. Waweke wawili hao pamoja, watoto wataona tofauti wenyewe.

Baba Salma
Assalaam alaykum. Kilicho haramu kwetu ni nyama, si jina. Nguruwe katajwa ndani ya Qur'ani yenyewe, na buibui ana sura yake kabisa, Al-Ankabut, ya 29. Mwalimu wa madrasa hawezi kukukasirikia kwa hilo.

Mimi kama mzazi nakuuliza kingine. Huyo binti anaitwaje wakati wa mapumziko?

Mkalimani Kijenge
Nipo pembeni nasubiri mtu atuambie "SOME PIG", maneno ya kwanza ya yule buibui, alitafsirije. Mwanangu kaniletea "baadhi ya nguruwe".

Chaki na Vumbi
😂😂 "Nguruwe si mchezo."

Dada wa Maktaba
Kama ofisi itakukazia, chukua Black Beauty cha Anna Sewell, 1877. Farasi anajisimulia mwenyewe, nafsi ya kwanza, na watoto wanaojua punda wa mizigo watamwelewa haraka. Ila kina huzuni nzito zaidi, na kwa msuko hakishindani na cha buibui.

Na uwasimulie kwamba E. B. White mwenyewe alikuwa na shamba jimbo la Maine. Mwaka 1948 alichapisha insha kuhusu nguruwe wake aliyeugua, akamhangaikia asipone, akafa, wakati alimfuga ili amchinje. Wapo watoto watakaouliza "sasa alikuwa anamlilia nini?" Hapo umeshaingia kwenye dhamira.

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, narudi baada ya siku tisa. Baba Salma, Mungu akubariki. Nilimwita yule binti pembeni. Nikitaja Wilbur, wavulana wa dawati la nyuma wananong'ona "kitimoto", yaani nyama ya nguruwe, wakimwangalia yeye. Wiki tatu nilikuwa nasikia vicheko, nikadhani wanafurahia hadithi. Wavulana nimeshughulika nao, mzazi nimempigia kumwomba radhi. Kasema kitabu kiendelee, mtoto anataka kujua mwisho.

Kamba imefungwa. Jana nilimpa yeye kibanio, sura ya Templeton kuletewa kazi ya kutafuta maneno jalalani. Akakisogeza kidogo sana. Nikamuuliza mbona kidogo hivyo? "Mwalimu, huyo panya anasaidia akiahidiwa chakula tu. Siku wakimnyima?" Darasa likawaka, nusu wanasema Templeton ni mbaya, nusu wanasema kazi imefanyika. Kengele ikalia hakuna aliyeinuka.

Sasa nina la mwisho. Keshokutwa nafika pale Charlotte anapobaki peke yake viwanjani na kufa. Nimeisoma nyumbani mara mbili, sauti inakatika palepale. Ninyi mlisomaje mbele ya darasa?

Chaki na Vumbi
Sikuisoma. Nilimpa mtoto asome, mimi nikageuka kufuta ubao.