Wakwe wa Sevilla wanaingia Jumamosi

Kikundi: Familia ya Chumbageni

Mama Zuhura: Asalaam aleikum jamani. Wakwe wa Zuhura wanafika Jumamosi mchana kutoka Sevilla, Hispania. Kiingereza hawana hata cha kuombea maji. Mie mlangoni nitasema nini?

Juma: Waaleikum salaam mama, shikamoo. Hiyo ndiyo kazi yangu, wageni wa Kihispania nawapeleka Ngorongoro kila msimu. Sema "buenas tardes". Halafu "me llamo Fatuma", tamka me yamo. Wakishataja majina yao unajibu "encantada".

Mzee Hamisi: Na mimi nijibu hivyo hivyo?

Juma: Shikamoo mjomba. Wewe "encantado". Mwanamume anamalizia na o, mwanamke a. Ukiogopa kuchanganya sema "mucho gusto", hiyo ya wote.

Bi Mwanaidi: Mucho gusto 😂 hiyo naiweza. Kwani mbona inasomeka kama ilivyoandikwa?

Juma: Irabu zao ni a e i o u kama zetu mama, ndiyo maana sisi tunawahi kuliko Wazungu wengine. Ila h haitamkwi, "hola" ni ola. Na j ni kh ya Khadija.

Zuhura: Shikamooni wote. Kaka Juma asante, ila saa ya kufika iangalieni. Kule watu wanakula mchana saa nane, saa tisa. Kabla ya kula bado ni "buenos días", hata saa saba. Wakishakula ndiyo "buenas tardes", mpaka giza liingie. Mkisahau semeni "buenas" tu, inatosha. Ndivyo wanavyosema hata wakiingia kwenye lifti na watu wasiowajua.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Basi nitasema buenas, nisijitese.

Mzee Hamisi: Swali langu mimi ni jingine. Nimeona kwenye simu wale watu wanabusiana. Mkwe wangu wa kike asinikaribie na busu, nasema mapema.

Juma: 😂😂😂

Zuhura: Baba mkubwa, ni mashavu tu yanagusana, huku na huku, mara mbili. Mwanamke na mwanamke, mwanamke na mwanamume. Wanaume wenyewe kwa wenyewe wanapeana mkono. Wewe wahi kunyoosha mkono angali mbali, kisha weka kiganja kifuani. Ataelewa, wala hatakasirika. Nimeshawaambia.

Mzee Hamisi: Mkono nitaunyoosha toka getini.

Bi Mwanaidi: Jambo moja linanisumbua, msinicheke. Nimeona majina yao kwenye karatasi ya hoteli. Baba ni Francisco García Romero, mama ni Carmen Morales Vega. Hawa wameoana kweli?

Zuhura: Shangazi 😂 wameoana kanisani. Kule mwanamke habadilishi jina akiolewa. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama. Kwa kawaida la baba hutangulia, ila toka 1999 sheria inawaruhusu wazazi kuanza na la mama.

Bi Mwanaidi: Alhamdulillah. Nilishaanza kumfikiria vibaya mtu wa watu.

Mzee Hamisi: Sasa nimwite nani? Bwana García?

Juma: "Señor García" sawa, ila hiyo ni ya ofisini mjomba. Heshima ya nyumbani ni "don Francisco" na "doña Carmen". Don inakaa na jina lake mwenyewe, haikai na la ukoo.

Zuhura: Na mwenyewe atasema niite Paco. Akina Francisco wengi kule ni Paco. Siku ya kwanza muite don, atacheka lakini atafurahi. Na kumjulia hali: "¿cómo está usted?" Hiyo usted ndiyo ya mkubwa au mgeni. Kwa kijana ni "¿cómo estás?" Wao wenyewe watawaambia acheni usted, na hapo msing'ang'anie, wataona mnawaweka mbali.

Mama Zuhura: Siku hiyo hiyo ya kwanza?

Zuhura: Dakika kumi haziishi mama. Sevilla hawana subira na hayo.

Juma: Na shukrani ni "gracias", ile c ni th ya thelathini.

Zuhura: Hiyo ya Madrid kaka. Wengi wa Sevilla mjini wanasema grasia, na s ya mwisho wanaimeza. Utasikia "bueno día". Msishangae, wala msiwaige.

Juma: Ndiyo maana wale wa mwaka jana nilikuwa siwaelewi!

Baba Zuhura: Nimesoma yote. Mimi nitasema "soy el padre de Zuhura", halafu "están en su casa". Juma, sahihisha.

Juma: Mjomba, hapo sina la kusahihisha 👏🏾

Mama Zuhura: Kumbe baba wa watu alikuwa anajifunza kimyakimya.

Bi Mwanaidi: Na bibi je? Yeye mucho gusto hataisema, anasubiri shikamoo yake.

Zuhura: Ataipata. Wanafanya mazoezi kila usiku. Ila sh inawashinda, wanasema "chikamoo".

Mzee Hamisi: Mwambieni bibi mapema, asije akauliza mbele yao chika ni nini.

Bi Mwanaidi: Naenda kumwambia sasa hivi. Juma, nitumie ile encantada kwa sauti, taratibu.