Mrejesho: Mama mzee aliyekuwa akifunga choo, Moshi

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kuhusu mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, aliyekuwa akifunga choo mara kwa mara. Ushauri wa kukagua dawa zake ndio uliosaidia zaidi: daktari alibaini kuwa vidonge vya madini ya chuma, alivyopewa kwa upungufu wa damu, vilichangia tatizo, akabadilisha utaratibu wa kuvitumia. Kwa upande wa chakula, tumeacha sembe tukahamia dona, unga wa mahindi usiokobolewa, na kiburu, yaani ndizi zinazopikwa na maharage, ambacho mama hahitaji kubembelezwa akile, sasa kinapikwa maharage yakiwa mengi kuliko zamani. Nyuzinyuzi za vyakula hivyo tuliziongeza kidogo kidogo, kwa kuwa zikizidi ghafla hujaza tumbo gesi, na zikikosa maji huweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi. Maji ndiyo yenye mvutano, kwani uzeeni hisia ya kiu hupungua, na mama hashawishiki kunywa asichokitamani. Tunamwongezea uji mwepesi na mchuzi. Baada ya kifungua kinywa, chakula kinapoamsha utumbo, huenda chooni bila kuharakishwa, miguu ikiwa juu ya kigoda kifupi. Hali imetulia, ingawa daktari ameagiza arudishwe kliniki mara moja akiona damu kwenye choo au akipungua uzito.