Neno "run" linawachanganya vijana wangu wa karakana, wajuvi wa kimombo naomba ushauri namna ya kuwafundisha

FundiPampu_Chikongola:
Habari za mida hii wakuu. Nina karakana hapa Mtwara mjini, tunatengeneza pampu za maji, majenereta na kusuka mota. Nina vijana nawafundisha kazi, baadhi wameishia la saba wengine form four, mikono yao ni mizuri sana shida inakuja kwenye makaratasi, maana siku hizi kila kifaa kinakuja na kitabu cha kizungu na ukikisoma vibaya unaua mali ya mtu.

Sasa neno linalotutesa kuliko yote ni hili "run". Shuleni waliambiwa run ni kukimbia, basi, imeisha hiyo. Ila fungua kitabu cha pampu utakuta "do not run dry", cha jenereta kinasema "run the engine without load", kwenye waya "run the cable along the wall", mafuta yakiisha ni "run out", afu kwenye mota kuna "run capacitor", yaani kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme. Kijana mmoja akaniuliza, fundi hii kapasita inakimbia inaenda wapi? Swali la maana kabisa na ninataka nimpe jibu la maana. App ya kutafsiri kwenye simu ndo imezidi kumvuruga, imempa "usikimbie kavu".

Naombeni ushauri, niwakaririshe maana zote? Ziko ngapi kwani? Au kuna njia nyingine? Nawasilisha.

Ticha wa Ligula:
Mkuu hongera kwa kuwajali vijana. La kwanza, usithubutu kuwakaririsha. Kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford, neno lililoongoza kwa wingi wa maana miaka mingi lilikuwa "set", toleo la 1989 kitenzi chake kilikuwa na maana 430. Wakaja kulipitia upya, mhariri mmoja anaitwa Peter Gilliver akapewa "run", ilipofika 2011 ikajulikana kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Mzungu mwenyewe hazijui zote kwa kichwa.

Waeleze hivi. Waingereza wana tabia ya kutumia kitenzi kimoja kwa kitu chochote kinachoendelea bila kusimama, sisi kila kitu kina kitenzi chake. Sisi jenereta linawaka, saa inatembea, maji yanatoka bombani, biashara inaenda, basi linafanya ruti ya Mtwara Masasi, barabara inapita Mingoyo. Kwao hizo zote sita ni run. Tangu zamani sana neno hilo lilihusu miguu na lilihusu maji yanayotiririka pia, kwahiyo ukiliwaza kama mtiririko, maana nyingi zinajipanga zenyewe, waya unaotambaa ukutani, injini inayozunguka, mto Ruvuma unaoteremka baharini.

Na wakishangaa kwanini neno moja libebe mzigo wote huo waulize kuhusu "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, kura, magoti, chafya, mbizi, picha. Hakuna mtoto wa Newala aliyekaririshwa orodha ya piga, kila moja aliipata pamoja na mwenzake anayefuatana naye. Na run ifundishe hivohivo, neno na mwenzake kwa pamoja, kamwe usiliandike peke yake ubaoni.

kazi_kwanza:
Mi naona si uajiri waliosoma tu chuo, unajipa kazi ya ualimu bure

FundiPampu_Chikongola:
@kazi_kwanza hapana ndugu yangu, hawa vijana kazi wanaijua na wana moyo, siwezi kuwaacha kwa sababu ya kizungu. @Ticha nimekuelewa sana hapo kwenye piga, ahsante.

Umeme wa Nanyamba:
Mimi nijibu la kapasita kwasababu hilo ni la hatari sio la lugha tu. Mota ya fezi moja inaweza kuwa na kapasita mbili. Ya "start" inasukuma mota ianze kuzunguka, inaingia kwa muda mfupi sana, mota ikishika kasi swichi ya ndani inaitoa kwenye laini. Ya "run" inabaki kwenye laini muda wote mota inapozunguka. Kwahiyo hapo run maana yake ni wakati mota iko kazini, start ni ule wakati wa kuamka. Waoneshe kwa macho, weka zote mbili mezani wasome namba, ya start kawaida ina mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) nyingi, ya run chache, afu waambie ukiweka ya start sehemu ya run itachemka mpaka ipasuke kwasababu haikutengenezwa kukaa kwenye umeme muda wote. Kijana akilielewa hilo neno run hatolisahau na hatounguza mota ya mtu.

Na "run dry" hivohivo, shika pampu iliyoungua. Ile sili ya shafti inapozwa na kulainishwa na maji yenyewe yanayopita, maji yakikata huku mota inazunguka nyuso zake zinasagana kavu, joto linapanda, inapasuka, inaanza kuvuja. Kwetu huku uwanda wa Makonde ambako maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mbali, sentensi hiyo ya maneno manne, "do not run dry", inabeba maji ya watu wengi.

Nesi_Lindi:
Naomba niongezee kidogo ya kwetu japo sio ya mashine. "Runny nose" ni mafua yale ya kutiririsha makamasi, "running a temperature" ni mgonjwa ana homa, na huku kwetu watu wanasema "running stomach" wakimaanisha kuharisha. "Runs in the family" ni kitu kilichopo kwenye ukoo, mfano sikoseli. Ukiangalia ni mtiririko uleule aliosema ticha, hata huo wa ukoo unatiririka kwenye damu.

Ticha wa Ligula:
Umesema kweli dada. Mkuu uwe makini na vile vineno vidogo vinavyofuata maana ndo vinageuza kila kitu. "Run out of diesel" dizeli imeisha, "run into a problem" umekutana na tatizo, "run over" gari limemkanyaga mtu, "run down" betri imeisha chaji, "run in" injini mpya unaiendesha taratibu vyuma vizoeane. Kuna za uchaguzi pia, Marekani wanasema "run for", Uingereza mara nyingi "stand for", zote ni kugombea, ila hiyo kwa mafundi iache kwanza. Anza na zilizoko kwenye vitabu vya mashine mlizonazo hapo karakanani, kila inayojitokeza waandike sentensi nzima kama ilivyo na chini yake Kiswahili cha kifundi, sio cha kwenye app.

FundiPampu_Chikongola:
Wakuu nimepata mwanga. Kuna moja bado, kwenye panel za majenereta kuna sehemu imeandikwa "run hours", juzi kijana kasema ni saa za kukimbia, mwingine kasema ni saa ya ukutani.

Umeme wa Nanyamba:
Hayo ni masaa ambayo injini imezunguka tangu itoke kiwandani, likizimwa yanasimama. Service inafuata hayo, haifuati tarehe peke yake. Majenereta mengi ya dizeli oili inamwagwa kila masaa 250, ila angalieni kitabu chake kwanza. Sasa kijana akisoma 240 na service ya mwisho ilikuwa sifuri, ampigie mwenye jenereta aanze kutafuta oili na filta kabla minada ya korosho haijaanza, maana kipindi hicho jenereta halipumziki.