Kaye ya bukari

Kikundi: AVENUE YETU, KATUBA, LUBUMBASHI (watu 63)

Jumapili

18:41 Mama Nyota: Jambo yenu batu ya avenue. Fiston, ukiona hii, kuja nyumbani unywe hata chai. Mama yako ameniambia.

18:43 Mama Bijou: Kumepita nini tena?

18:44 Mama Nyota: Wamemtoa kazini. Pale kwenye depo ya mawe ya shaba, njia ya Likasi. Yeye na wenzake kumi.

18:46 Fiston: Hawajatutoa, mama. Wamesema "mupumuzike kwanza". Njo vile wanasemaka. Ukikaribia kutimiza mwezi, pwentere, yule wa kuandika majina ya wafanyakazi, anakuambia upumzike. Ukirudi, anaandika jina lingine. Mwezi wa 5 nilikuwa Fiston. Mwezi wa 6 nilikuwa Patient.

18:47 Ya Guy (admin): Patient si mdogo wako?

18:47 Fiston: Njo yeye. Anasoma la sita.

18:48 Mama Bijou: 😂 Mtoto hodari, asubuhi shule, mchana anabeba magunia ya shaba

18:48 Mama Bijou: Samahani Fiston, kicheko kimeniponyoka

18:50 Papa Dieudonné: Vijana, kazi haina. Ukipata hata ya kubeba magunia, funga mdomo ubebe. Wako mia nje ya geti wanangoja nafasi yako.

18:52 Yaya Clarisse: Papa Dieudo, kwa heshima yote, hao mia walio nje ya geti njo wanafanya pwentere athubutu kumwandika mtoto wa la sita.

18:53 Papa Dieudonné: Mi nasema tu. Nimeona mengi.

18:55 Papa Delege: Fiston. Ulifanya siku ngapi? Usiniambie miezi. Siku.

18:57 Fiston: Sijui, papa. Nyingi. Tunaanza 6h, tunamaliza 18h, saa moja ya kula. Jioni kichwa hakina nafasi ya hesabu.

18:58 Papa Delege: Hapo njo wanakukamatia.

19:04 Papa Delege: (ujumbe wa sauti, dakika 4)

19:05 Ya Guy (admin): Papa, wengine hatuna mega za intaneti. Uandike.

19:06 Mama Bijou: Mi nimesikiliza. Dakika ya kwanza yote ni kikohozi.

19:17 Papa Delege: Sawa, naandika, mvumilie macho yangu. Kuna Kode ya Kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002. Inasema hivi: mtu wa kuchukuliwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla ile miezi miwili haijaisha, kontra yake, mkataba wa kazi, imekuwa ya bila mwisho. Hata kama hakuna aliyesaini kitu. Njo maana wanawapumzisha na kuwageuza majina. Pwentere si mjinga, anajua kuhesabu mpaka 22. Ninyi njo hamuhesabu.

19:19 Trésor: Eeeh! Kumbe!

19:20 Papa Delege: Tena hizo saa zenu. Sheria ni saa 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Ninyi mko na 11 kwa siku, mara sita, 66. Zimezidi 21. Sita za kwanza wanatakiwa kuongeza 30 kwa mia juu ya kila moja, zile 15 zinazobakia 60 kwa mia. Waliongeza?

19:21 Fiston: Waliongeza kelele.

19:22 Fiston: Lakini papa, tutaonyesha nini? Hatuna kontra, hatuna karatasi ya mshahara, wanalipa mkononi siku ya posho. Hata simu tunaiacha kwa sentineli, mlinzi wa geti.

19:25 Yaya Clarisse: Sheria hiyohiyo inasema maandishi yakikosekana, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kontra kwa njia yoyote. Mashahidi, picha, chochote. Mwenye kukosa maandishi ni yeye tajiri, haiwezi kuwa kosa lenu.

19:26 Papa Dieudonné: Mashahidi gani? Wale wenzake wanaotaka kurudi kazini? Hakuna atakayefungua kinywa.

19:28 Trésor: Basi kesho asubuhi tunachoma matairi mbele ya geti. Kamioni zote zinapita pale. Saa mbili tu bila kamioni, watatuita wenyewe kwa adabu.

19:29 Mama Bijou: Trésor, mama yako yuko kwenye hii grupu.

19:29 Mama Trésor: Niko. Nasoma.

19:34 Papa Delege: Hapana matairi. Katiba inawapa njia: kipengele cha 38 ni uhuru wa sindika, chama cha wafanyakazi, cha 39 ni haki ya kugoma, cha 26 ni kutembea barabarani baada ya kujulisha serikali kwa maandishi. Mugomo una ngazi zake, kwanza kusikilizana mbele ya inspekta wa kazi, halafu wapatanishi, halafu njo mugomo. Ukiruka ngazi unampa tajiri sababu ya kukufukuza, na yeye analala usingizi mzuri.

19:35 Trésor: Lucha, wale vijana wa harakati kule Goma, walianza 2012 wakidai maji, hawakungoja inspekta.

19:36 Yaya Clarisse: Nao hawakuchoma matairi, Trésor. Walikaa chini barabarani, mikono mitupu. Soma habari yao vizuri.

19:37 Papa Dieudonné: Delege, nikuulize kitu, usikasirike. Sindika ilishafanya nini hapa? Ma-delege wanachaguliwa na watu, wiki ya pili wanakunywa na shefu.

19:49 Ya Guy (admin): Papa Delege anaandika tangu dakika kumi 😅

19:52 Papa Delege: Siwezi kukasirika, ni kweli. Nilikuwa delege miaka tisa. Siku moja walituita ofisini, wakatupa fanta baridi, wakatuletea karatasi ya kurasa nne. Nilisoma ya kwanza na ya mwisho. Nikasaini. Ukurasa wa tatu uliondoa pesa ya usafiri ya watu wote wa usiku. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao kwenye soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ananisalimia vizuri, na mimi najificha nyuma ya mihogo. Kwa hiyo, Dieudonné, unayenisuta hauko peke yako. Lakini ile karatasi ilinishinda kwa sababu sikusoma, haikunishinda kwa sababu sindika ni uongo.

19:54 Mama Nyota: Pole, papa.

20:03 Papa Delege: Na juu ya swali la ilishafanya nini. Baba yangu alikuwa kijana wakati Lubumbashi iliitwa bado Élisabethville, vita ya Hitler. Bei ya nguo na ya chakula ilipanda, mshahara wa Union Minière, kampuni ya shaba, ukabakia palepale. Wazungu wenyewe waligoma kwanza, wakasikilizwa. Mwezi wa 12, 1941, weusi nao wakasimamisha kazi. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, maelfu, na bibi zao na watoto. Gavana Maron akafika na askari. Mwenye kusimama kusema alikuwa Léonard Mpoyi, karani. Wakampiga risasi palepale, halafu wakapiga watu. Walikufa makumi. Wakati ule mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya sindika hata moja, ruhusa ilikuja 1946, tena ya nusunusu. Hiyo ruhusa haikuanguka kutoka mbinguni.

20:04 Papa Delege: Baba hakuwa mtu wa kusimulia. Alikuwa anasema tu "Mpoyi alijua kuandika". Mi nilikuwa mtoto, nilidhani anataka tu niende shule.

20:06 Papa Dieudonné: Nimesoma.

20:11 Mama Nyota: Mi niko na kaye.

20:11 Ya Guy (admin): Kaye gani mama?

20:13 Mama Nyota: Kaye ya bukari, daftari ya madeni ya chakula. Mi njo naleteaka bale bantu bukari, ugali, na sombe mu saa sita. Mwenye hana makuta, ninamwandika. Siku ya posho analipa, nakata na bic. Nimeandika kila siku tangu mwezi wa 3.

20:14 Fiston: MAMA NYOTA

20:14 Yaya Clarisse: Unaandika tarehe???

20:15 Mama Nyota: Bila tarehe utadai deni namna gani? Atakuambia nilikula mbili, haikuwa tatu.

20:17 Papa Dieudonné: Kula si kufanya kazi. Wakili wao atasema walikuja kula tu.

20:19 Mama Nyota: Dieudonné, bukari naingiza mimi mwenyewe NDANI ya geti, beseni mbili, sentineli ananifungulia. Mwenye hajaandikwa na pwentere ile asubuhi hakanyagi ndani. Atakulia ndani namna gani? Kwa kuruka ukuta?

20:19 Mama Trésor: 🙌🏾🙌🏾🙌🏾

20:20 Papa Delege: Mama Nyota, hesabu Fiston.

20:38 Mama Nyota: Mwezi wa 5 sahani 13. Mwezi wa 6 sahani 11. Fanya hesabu.

20:38 Trésor: 24!

20:40 Fiston: Na siku zingine nililipa palepale, hizo hazimo. Zilikuwa nyingi kuliko 24.

20:41 Mama Nyota: Kwangu haukugeuka kuwa Patient. Uko Fiston tu, mwezi wa 5 na wa 6. Wengine wako na majina ya kwangu: Mrefu, Wa Kasenga, Bote Moja.

20:42 Mama Bijou: Bote Moja ni nani jamani

20:43 Fiston: Ni yule bote yake ya kushoto ilichukuliwa na kamioni, akamaliza wiki mbili na bote moja na kandambili. Wangempa bote mpya, lakini shefu alisema jurnalie, mtu wa siku kwa siku, anajiletea za kwake.

20:45 Papa Dieudonné: Huyo ni mtoto wa dada yangu.

20:45 Papa Dieudonné: Mimi aliniambia amechoka kazi, ameacha mwenyewe.

20:47 Mama Nyota: Hajaacha. Aliona haya kukuambia. Yuko na sahani 26.

20:52 Yaya Clarisse: Mama, niletee kaye kesho, niikopi vizuri kwenye karatasi safi, kwa bic nyeusi, mistari iliyonyooka.

20:52 Papa Delege: HAPANA

20:54 Papa Delege: Usikopi kitu. Ipelekwe vilevile, na mafuta yake, na sombe yake, na mistari iliyokatwa. Kaye safi ni ya mtu aliyekaa jana usiku akatunga. Kaye yenye mafuta ya mawese kila ukurasa hakuna anayeweza kuitunga. Piga picha za kurasa zote kwa usalama, basi. Na kila kijana aandike leo, kabla ya kulala, jina la shefu aliyempa kazi, la pwentere, na tarehe anazokumbuka. Kila mtu peke yake, msinakiliane.

20:56 Papa Delege: Jumanne 8h tuko Inspeksioni ya Kazi. Bila kupita kwa inspekta, tribunali ya kazi haitapokea faili. Kufika pale ni bure. Mwenye kuwaomba pesa ya "kufungua dosie", njooni mniite.

20:58 Papa Dieudonné: Nitakuja naye. Bote Moja.

21:00 Ya Guy (admin): Kumbukeni mchango wa matanga ya kule namba 14 bado. Ni 5 000 kila nyumba.

Jumanne

7:12 Trésor: Tuko njiani. Watu tisa, wawili wameogopa.

7:13 Papa Delege: Waliogopa msiwaseme. Watakuja siku ya pili.

11:48 Yaya Clarisse: Tumetoka. Inspekta ni mama wa makamo, miwani shingoni. Alisoma kaye yote, ukurasa kwa ukurasa, na bic mkononi anahesabu. Kwenye ukurasa mmoja vidole vyake viligandama na mafuta, akaomba karatasi ya kujifutia. Hakucheka. Ameandika barua ya kumwita tajiri, siku ya kusikilizana ni Alhamisi ya wiki ijayo. Wakikosa kusikilizana ataandika PV, karatasi ya kusema hawakusikilizana, na hiyo njo ya kupeleka tribunali.

11:50 Mama Bijou: Na kazi wamerudishiwa?

11:51 Yaya Clarisse: Bado, mama. Ni barua tu.

11:53 Fiston: Pwentere amenipigia simu sasa hivi. Anasema "Patient, kuja kesho kuna kazi". Nikamwambia Patient yuko shule.

11:54 Trésor: 😂😂😂😂

11:55 Papa Delege: Andika hiyo simu. Saa na tarehe.

11:56 Fiston: Nimeandika tayari, papa.

12:20 Papa Dieudonné: Mama Nyota, samahani, nakuuliza hapa kwa sababu haushiki simu. Kwenye ile kaye, ule ukurasa wa nyuma, kuna mtu ameandikwa "D. wa redio", sahani 7 za jioni, hazijakatwa. Inspekta aliusoma nao?

12:31 Mama Nyota: Aliusoma. Aliniuliza kama huyo D. ni mfanyakazi wa depo.

12:32 Papa Dieudonné: Ukamjibu nini?

12:33 Mama Nyota: Nikamwambia hapana, huyo ni jirani tu. 21 000, papa Dieudo, leo jioni niko nyumbani.